Duka la jezi Kariakoo: nimelipia herufi kumi, nimepewa tisa

Nianze na lawama, sifa zitafuata zenyewe. Jina CHARISTEAS, la yule mshambuliaji wa Ugiriki niliyemtaka mgongoni mwa jezi yangu, lina herufi kumi. Nilizihesabu kwa kidole mbele ya yule dogo wa duka, moja moja, maana pale wanachaji kwa herufi: jero kila moja, namba buku tatu. Nikatoa elfu nane, tano ya jina na tatu ya ile 9 ya mgongoni. Jioni narudi kuchukua mzigo wangu, nakuta CHARITEAS. S ya katikati haipo.

Nikamwita. "Dogo, hebu soma hapa." Akasoma kwa sauti, vizuri tu, bila hiyo S, na hakuona tatizo. Nikamwambia ahesabu. Akafika tisa, akarudia, akafika tisa tena. Akaingia nyuma kuteta na fundi wa mashine, akatoka na sarafu ya mia tano mkononi. "Mzee, chukua jero yako."

Nimerudishiwa chenji za kila aina hapa mjini, chenji ya herufi ndiyo mara ya kwanza.

Jina la duka silitaji, sina nia ya kumharibia mtu riziki kwa sababu ya S moja. Liko Kariakoo. Ukishuka mwendokasi Msimbazi unaingia ndani kama unaelekea Mtaa wa Kongo, halafu kuna uchochoro ambao mara ya kwanza utaupita ukidhani ni mlango wa nyumba ya mtu. Mbele wamening'iniza jezi mpya za kopi hadi darini, Simba upande huu, Yanga upande ule, Taifa Stars katikati kama refa. Nyuma kuna meza ya mitumba ya michezo, na pembeni ya meza ndiyo mashine ya kuprinti. Feni moja kwa duka zima, na inamwangalia mwenye duka. Fundi wa mashine anafanya kazi amevua shati.

Mimi natengeneza friji, Tandika. Zamani nilicheza mpira, huu wa mchangani, na nilikuwa mamluki. Kwa msiojua ndondo: mamluki ni yule mchezaji anayeletwa siku ya mechi ngumu, mtaa mzima haumjui hata jina, anacheza, anapewa elfu kumi yake na soda, anapotea. Jumamosi niko Mwembeyanga nawafungia watu, Jumapili niko Kinesi nimevaa jezi ya timu niliyoifunga wiki ile ya nyuma. Mama alikuwa akianika nguo zetu, majirani wanadhani tunauza jezi. Sasa Angelos Charisteas ni mamluki mwenzangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye walikuwa wanampa mkataba.

Wenye umri wangu mnamjua hata kama jina limewatoka. Tarehe 4 Julai 2004, Jumapili, fainali ya Euro pale Lisbon, wenyeji Ureno wanacheza na Ugiriki. Banda la video kwetu lilijaa hadi watu wakakalia kreti za soda. Wote Ureno. Figo yupo, Deco katoka kubeba Ligi ya Mabingwa na Porto mwezi wa tano, na kuna kale katoto Cristiano Ronaldo, miaka 19. Upande wa Wagiriki alikuwepo mtu mmoja tu, babu yangu mzaa mama, tena mpira wenyewe alikuwa haufuatilii. Ujanani alikata mkonge Kimamba kwenye shamba la Mgiriki, na kwake yeye Wazungu walikuwa wa aina mbili, Wagiriki na wengine wote. "Hawa watu wana subira," akasema. "Mkonge unapanda leo, unakuja kuukata mwaka wa tatu." Banda likacheka. Kabla ya mwaka ule Ugiriki walikuwa hawajashinda hata mechi moja kwenye mashindano makubwa, si Euro ya 1980, si Kombe la Dunia la 1994. Kweli mechi ya ufunguzi waliwafunga haohao Wareno 2-1, ila tulishakubaliana kwamba ile ilikuwa bahati.

Kwa saa zetu mpira ulianza saa nne kasoro robo usiku. Inakaribia saa tano, dakika ya 57, Basinas anapiga kona kutoka kulia, kipa Ricardo anatoka langoni na haufikii, Charisteas kapanda juu ya watu kaugonga kwa kichwa. Moja bila. Banda zima kimya, unasikia jenereta tu. Babu akauliza, "Huyo wetu?"

Na mtu mwenyewe kwenye klabu yake alikuwa hana uhakika wa namba! Werder Bremen msimu ule walibeba ligi na kombe la Ujerumani, lakini mabao alikuwa anafunga Ailton, 28 kwenye ligi peke yake, na Klasnić pembeni yake. Charisteas anasubiri benchi. Akienda timu ya taifa kwa kocha Mzee Otto Rehhagel anafunga Hispania, anawatoa Ufaransa waliokuwa mabingwa watetezi kwa kichwa robo fainali, kisha anafunga fainali. Mamluki hasa. Mtaani kwake hawamwamini, ugenini anawabeba.

Baada ya hapo ndipo begi lake lilipoanza kuchakaa. Januari 2005 yuko Ajax. 2006 anatoka Ajax anakwenda Feyenoord, moja kwa moja, na hapo Mtanzania haelezwi zaidi: ni Chama kutoka Simba kwenda Yanga 2024, ila kwa Amsterdam na Rotterdam. 2007 Nürnberg, mwaka uliofuata wakashuka daraja. 2009 mkopo Leverkusen. 2010 Arles-Avignon, ndio kwanza wamepanda ligi kuu ya Ufaransa, akaondoka msimu haujaisha na wao wakamaliza wameshika mkia. Januari 2011 Schalke. Akarudi kwao, Panetolikos ya Agrinio. 2013 Al-Nassr ya Riyadh. Weka Aris ya Thessaloniki alikoanzia, zinakuwa klabu kumi, ukiacha mkopo mmoja wa ujanani. Timu ya taifa mechi 88, mabao 25. Euro ya 2008 Wagiriki walikwenda kama mabingwa watetezi, wakafunga bao moja tu mashindano mazima, na mfungaji ni yeyeyule, kwa kichwa.

Mwaka huu nikaamua nitazikusanya jezi za timu zake zote. Mke wangu aliuliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Nikaandika orodha nyuma ya boksi la gesi ya friji, nikapanda daladala hadi Kariakoo.

Dogo wa mbele ana kama miaka 23, ananipa shikamoo kila nikiingia. Nina 41, naitikia marahaba huku roho inauma. Aliisoma orodha yangu kama mtu anayesoma cheti cha daktari. Alipofika Al-Nassr uso ukafunguka. "Hii ipo! Ronaldo, saba, saizi zote." Nikamwambia mimi nataka ya Charisteas, alipita hapo miaka kumi kabla ya Ronaldo. Akaniangalia. Nikamwambia pia kwamba huyo Ronaldo wako alilia machozi Lisbon mbele ya dunia nzima, na aliyemliza ni huyuhuyu ninayemtafuta. Akachukua simu, akatafuta, akaiona ile picha ya kijana analia. Tangu siku hiyo ananisikiliza kidogo. Al-Nassr niliichukua kwa elfu 15, kopi, mgongo mtupu. Alijaribu kuniuzia nyingine eti iwe ndiyo Panetolikos. "Mzee, si njano na bluu hizohizo?"

Ugiriki anaijua kupitia Samatta. Nilipotaja Aris akarukia, "Thessaloniki! Si kwa Samagoal, PAOK!" Ni kweli, Samatta alikwenda PAOK 2023, na msimu huo wakabeba ubingwa. Kwa hiyo PAOK ya milia nyeusi na nyeupe anayo, imening'inia pale juu. Nikamweleza kwamba PAOK na Aris ni mji mmoja na hawapikiki chungu kimoja, ni sawa na kuniletea jezi ya Msimbazi wakati nimeagiza ya Jangwani. Aris ni njano na nyeusi. Akafikiri, akapanda ngazi, akashuka na jezi ya zamani ya Yanga. Njano ipo, nyeusi ipo kwa mbali, kijani nikitaka nijifanye sikioni.

Hapo tukabishana kidogo. Nilisema Samatta naye ni mwenzetu sisi wa begi mgongoni: Mbagala, Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, Antwerp, Genk tena, PAOK, kisha Le Havre. Dogo hakupenda. "Samatta siyo mamluki mzee, Samatta ni profeshno. Kafunga Wembley." Kafunga kweli, Machi 2020, fainali ya kombe la ligi dhidi ya Manchester City, na Villa wakalala 2-1. Mimi sikuwa natukana, kwangu neno mamluki ni cheo. Lakini kwa mtoto wa Mbagala ukilitamka vibaya unaweza usiuziwe kitu.

Meza ya mitumba ndipo mali ilipo. Wanasema mabelo yao mengi yanatoka Ujerumani, na kwa nilichokiona nawaamini, maana kwa mtu aliyetangatanga Ujerumani kama Charisteas ile meza ni kama ilipangwa kwa ajili yake. Schalke niliipata kwa elfu 12, ya bluu, kifuani Gazprom, yaani ni ya zama zilezile. Werder elfu 10, kijani imepauka, ndani ya kola kuna herufi mbili zimeandikwa kwa kalamu na mama wa mtu huko ili mwanawe asiipoteze shuleni. Saizi 164, ya mtoto. Sikuwa nimeangalia. Sasa anavaa binti yangu wa darasa la sita na ananiuliza Werder iko mkoa gani. Leverkusen ni kopi mpya, elfu 18, hizi zimejaa tangu walipobeba ubingwa 2024 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Ajax ilikuwepo ile nyeusi yenye rangi za rasta tu, nikaiacha. Feyenoord ilichukua wiki tatu, nusu nyekundu nusu nyeupe, ina tundu dogo kwapani, elfu 7. Nürnberg hakuna. Arles-Avignon nilipoitaja dogo alidhani ni jina la marashi.

Na hiyo ya Ugiriki, ya bluu, mtumba, nembo imeshonwa kwa uzi wala haikubandikwa, elfu 20. Hiyo ndiyo niliyoipeleka kuprintiwa.

Sasa nizungumze kuhusu fundi, maana ndiye aliyenifanya niandike yote haya. Jero niliikataa, nikasema nataka S. Yule mzee (huyu ni mkubwa kwangu, shikamoo nilimpa mimi) hakubishana. Akaifunika jezi chini ya mashine sekunde chache, akainua, akang'oa herufi moja moja kwa kibano cha nyusi, akafuta gundi kwa kitambaa chenye thina, taratibu, asije akaiachia jezi doa. Akakata jina upya kwenye roli jeupe. Mashine ya kukata inachora herufi kwa kinyume, wewe unaanza kuchokonoa vipande visivyotakiwa kwa pini. Tumbo la R, tumbo la A, la A nyingine. Hana miwani. Nadhani S ilikufia hapo mara ya kwanza, ilitoka pamoja na takataka. Kisha akaikunja jezi katikati kwa urefu apate mstari wa mgongo, akapima kwa futi ya cherehani kutoka kwenye kola vidole vitatu, akapanga, akafunika karatasi, akashusha mkono wa mashine. Saa ya mashine imekufa. Anahesabu kwa mdomo, moja mpaka kumi na tano, na akifika kumi anapunguza mwendo.

Mimi nikaona kitu. Ile 9 ambayo hakuigusa ilikuwa imeanza kuinuka pembeni, na haijafuliwa hata mara moja. Kwenye begi natembea na kipimajoto changu cha kazi, chenye waya. Nikamwomba ruhusa, nikapachika ncha ya waya kwenye bamba. Kishale cha mashine kinasema 150. Changu kikasoma 138. Gundi ya stika zile haiivi kwenye joto hilo, inakuwa kama chapati iliyotolewa mapema, nje safi ndani mbichi. Mzee akatikisa kichwa. "Ndiyo maana wananirudia," akasema, akazungusha kitasa mpaka kipimajoto changu kikafika 152, akarudia jina, akarudia na 9. Hakunidai hata senti. Ile jezi nimeifua mara sita, maji baridi, nimeigeuza ndani nje, hakuna herufi iliyotikisika.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Nikiwa na furaha ya ufundi nikampa na ile Leverkusen, jina lilelile na namba, na nikamwambia apandishe joto kidogo zaidi, ishike vizuri. Mzee alisita. Nikasisitiza, si mimi ndiye mwenye kipimajoto. Siku mbili baadaye CHARISTEAS iligeuka pinki. Zile jezi nyekundu za kopi, rangi yake ikipata joto kali inapanda juu na kuingia kwenye stika nyeupe. Mzee alikuwa anajua, ndiyo maana alisita. Friji ni friji na jezi ni jezi. Elfu nane nyingine imekwenda, na hiyo siwezi kumdai mtu. Nimebaki na mchezaji wa Leverkusen mwenye jina la rangi ya aiskrimu ya stroberi.

Kuhusu mengine niseme haraka. Bei zinaongeleka kwenye mitumba, kwenye kopi haziongeleki. Lipa namba wanayo. Sehemu ya kujaribia ni nyuma ya pazia ambalo halifiki chini. Jumamosi usiende, utauziwa huku unasukumwa. Choo ni cha kulipia, nje, upande wa pili. Kwa kuprinti, jina liandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na kabla hajashusha mkono wa mashine mwombe uone zimepangwa. Atakuruhusu, hana makuu. Nawapa nyota tatu na nusu. Nusu ni ya mzee peke yake, na ile moja na nusu iliyobaki waikate kwenye feni.

Jezi ya Ugiriki naivaa Jumapili. Wiki iliyopita kwenye daladala ya Tandika konda akaniangalia, akaangalia nembo, akasema, "Mzee, hawa si ndio waliowatoa Ivory Coast?" Anakumbuka, na mimi nakumbuka: Fortaleza, Juni 2014, dakika za lala salama, Samaras anawekewa penalti na anaipachika, 2-1, Drogba na wenzake wanarudi nyumbani. Gari zima likanigeukia kama mimi ndiye niliyepiga. Nikajaribu kueleza kwamba mgongoni ni Charisteas, siyo Samaras, na kwamba mwaka huo alikuwa hayupo kikosini. Konda akasema nauli kwanza.

Bado naidai Nürnberg, Aris, Ajax ya kawaida, Panetolikos na ile ya marashi. Juzi saa nne usiku dogo kanitumia picha WhatsApp: "MZEE NIMEIPATA PANETO." Njano na bluu, milia ya wima. Nikaikuza picha. Kifuani ni Fenerbahçe, ya Samatta.

Nikamjibu siyo yenyewe. Halafu nikamuuliza bei gani.